Barua ya wazi kwa viongozi wa Nyanda za Juu Kusini: ruzuku ya miezi 24 haimfikishi mtoto hata mmoja siku 1,000

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, Makatibu Tawala, Wakurugenzi Watendaji na Waganga Wakuu wa halmashauri zote za mikoa hiyo, na kwa taasisi za hisani, za ndani na za nje, zinazotoa ruzuku kwa kazi za afya ya jamii katika eneo hili.

YAH: RUZUKU ZA LISHE NA AFYA YA JAMII KUINGIZWA NDANI YA MIPANGO YA HALMASHAURI, NA KWA MUDA UNAOTOSHA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tunaoandika barua hii ni wauguzi wa zahanati, maafisa lishe, wahasibu wa vituo vya afya na watu wanaoandaa maandiko ya miradi na kuyasimamia. Tunawaandikia kwa heshima, na kwa sababu jambo hili liko ndani ya uwezo wenu kulirekebisha bila kusubiri sheria mpya.

Mikoa yetu inalisha nchi. Mahindi, viazi, maharage, mpunga wa Mbarali, ndizi za Rungwe, parachichi za Njombe, maziwa ya Iringa, vyote vinatoka hapa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 56.9 Iringa, mkoa wa kwanza kwa ukubwa wa tatizo nchini, na asilimia 50.4 Njombe, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Kwa upande wa VVU, utafiti wa 2022–2023 uliweka Njombe juu kwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa takwimu hizi, wafadhili hawajatusahau. Ruzuku zimekuja kwa miaka mingi, na nyingine zimeokoa maisha ya watu tunaowafahamu. Swali letu ni jinsi zinavyoandikwa, zinavyopitishwa na zinavyofungwa.

Tuanze na hesabu. Siku 1,000 za kwanza za mtoto ni siku 270 za ujauzito na siku 730 za miaka miwili ya mwanzo. Kwa miezi ni takribani 33. Ruzuku nyingi za hisani zinazokuja kwenye kata zetu huandikwa kwa miezi 12, 18 au 24. Chukua ile ndefu, ya miezi 24. Mtoto ambaye mimba yake ilitungwa siku mkataba unasainiwa atakuwa na umri wa miezi 15 siku mradi unafungwa. Hapo ndipo anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, meno yanaota, anatambaa kwenye vumbi, anaharisha, na mama yake huenda ana mimba nyingine. Mradi unamwacha katikati ya mto.

Na miezi hiyo 24 yenyewe si 24. Asasi isiyo ya kiserikali ikipata mkataba unaozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinaitaka iuwasilishe Hazina na kwa Msajili wa asasi hizo ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na usubiri kupitishwa. Kisha kuna utambulisho mkoani, hati ya makubaliano na halmashauri, kuajiri, kununua vifaa, kutoa mafunzo. Miezi minne hadi sita imekwisha kabla mtoto wa kwanza hajapimwa. Mwishoni, miezi mitatu inaliwa na kuhesabu mali, kuandika ripoti na ukaguzi. Zinabaki 15 hadi 17, na ndani yake kuna msimu mmoja wa mvua, pengine miwili, ambapo barabara za Lupembe, za mabonde ya Kilolo, za Ludewa na Busokelo hazipitiki kwa wiki kadhaa. Hatutaji urefu huu ili kumlaumu Msajili. Utaratibu huo una faida yake, maana fedha inayotangazwa hadharani ni ngumu kupotea. Tunasema tu kwamba muda huo lazima uingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ombi letu la kwanza kwa hiyo ni hili: ruzuku ya lishe ya mtoto isikubaliwe kwenye halmashauri kwa chini ya miaka mitano. Mfadhili akiogopa kujifunga, mkataba uwe wa hatua mbili, na tathmini ya kweli ifanyike mwezi wa 18 kuamua kama hatua ya pili inaendelea. Ni afadhali kata mbili kwa miaka mitano kuliko kata kumi kwa mwaka mmoja. Tunajua hili ni gumu kisiasa, kwa sababu kila diwani anataka mradi ufike kwake.

La pili ni kipimo. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu ndiko fedha nyingi inakopotea bila mtu kuiba.

Utepe wa kupima mzunguko wa mkono, ule wa MUAC wenye nyekundu, njano na kijani, unaonyesha ukondefu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri, kuanzia 12.5 ni kijani. Utepe huu ni mwepesi na wa bei ndogo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kuutumia kwa asubuhi moja. Kwa hiyo maandiko mengi ya miradi yanaahidi idadi ya watoto watakaopimwa mkono. Lakini tatizo kubwa la Iringa na Njombe ni ufupi. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mkono mnene na utepe ukasoma kijani kila robo mwaka hadi anafika darasa la kwanza. Mradi unaandika kwamba asilimia kubwa ya watoto wako salama, mfadhili anafurahi, na udumavu uko palepale kwa sababu hakuna aliyeupima.

Kupima udumavu kunahitaji ubao wa urefu, watu wawili na tarehe sahihi ya kuzaliwa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miezi 12 anahesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 71.0, na wa kike chini ya 68.9. Katika umri huo mtoto anaongezeka kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi. Ina maana kosa la mwezi mmoja kwenye umri, au la sentimita moja kwenye ubao, linatosha kumhamisha mtoto kutoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine. Makosa yenyewe tunayajua: kiatu au soksi nene ya baridi ya Makete haikuvuliwa, nywele zimesukwa juu ya kichwa, magoti hayakunyooshwa kwa sababu mpimaji yuko peke yake, mtoto wa chini ya miaka miwili amesimamishwa badala ya kulazwa, na kusimama kunapunguza takribani sentimita 0.7, kipande cha miguuni kimelegea kwenye reli yake, futi iliyobandikwa kwenye ubao imelowa mvua, ikabanduka na kubandikwa tena ikiwa imesogea. Ukifungua rejesta ukaona urefu wa watoto wengi unaishia .0 au .5, hapo hapakusomwa ubao, palikadiriwa.

Mizani ya kuning'iniza nayo springi yake huchoka. Kuikagua hakuhitaji fundi. Ning'iniza dumu tupu, soma uzito, mimina humo lita 5 za maji zilizopimwa, soma tena: mshale lazima uongezeke kilo 5. Mshale usipoongezeka hivyo, mizani hiyo itolewe kwenye kazi siku hiyohiyo. Hili lifanyike kabla ya kila siku ya kupima, na liandikwe kwenye rejesta.

Tumeona pia tathmini ya mwanzo ikifanywa Februari, wakati wa njaa na kazi nyingi shambani, na ya mwisho Julai baada ya mavuno. Uzito na mikono ya watoto hupanda kati ya miezi hiyo hata bila mradi wowote. Tunaomba kila ruzuku ipime mwezi uleule mwanzo na mwisho. Na kwa ruzuku fupi zilizokwisha kusainiwa, msidai zionyeshe kushuka kwa udumavu, kwa sababu mtawafundisha watu kupika takwimu. Dai kinachoweza kubadilika ndani ya muda wao: wajawazito walioanza kliniki kabla ya wiki 12, waliokunywa vidonge vya kuongeza damu siku 90 au zaidi, watoto walionyonya maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo, na watoto wa miezi 6 hadi 23 waliokula jana angalau makundi 5 kati ya 8 ya chakula, maziwa ya mama yakihesabiwa kuwa kundi mojawapo.

Hilo la makundi linatupeleka kwenye unga wa lishe. Vikundi vingi vya akina mama vimepewa ruzuku ya mashine na vifungashio ili visage unga wa mchanganyiko. Nia ni njema. Lakini ukisoma kifungashio unakuta mahindi, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga. Nafaka nne bado ni kundi moja. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina viambata vinavyozuia mwili kusaga protini. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hubeba sumukuvu, sumu ya ukungu wa mazao, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ambayo kuchemsha uji hakuiondoi. Unga huo ukikaa dukani miezi mitatu katika ukungu wa Mufindi, hatari inaongezeka. Sisi tungeshauri fedha hiyo inunue maturubai ya kukaushia mazao, kipima unyevu kimoja kwa kijiji na mifuko isiyopitisha hewa, na mama afundishwe kuongeza uji kwenye sufuria yake mwenyewe: yai lililopondwa, dagaa wa kusagwa, maharage yaliyochujwa maganda, kipande cha parachichi, maziwa. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni ukikiinamisha. Uji unaomwagika kama maji ya kunywa unajaza tumbo dogo na kumwacha mtoto na njaa.

Na katika mikoa hii chakula si haba kiasi hicho. Kinachokosekana ni muda wa mama. Anayechuma chai au kupalilia viazi anatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni. Mtoto wa miezi tisa anabaki na dada yake wa miaka saba, anakula ugali wa familia mara mbili, na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, wapo wanaomwonjesha ili atulie. Kumgawia mama huyo kilo mbili za unga hakumrudishii saa hizo kumi. Kituo cha kulelea watoto mchana karibu na shamba, chenye jiko, maji na mlezi mmoja aliyefundishwa, kinamrudishia. Ruzuku za namna hiyo ni chache mno. Mkiwa na mfadhili anayeuliza afanye nini, mwelekezeni huko kwanza.

Tuna neno pia kuhusu kupima bila tiba. Mtoto mwenye utapiamlo mkali bila matatizo mengine hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa, na matibabu ya wiki sita hadi nane hutumia kama katoni moja yenye pakiti 150 za gramu 92. Mradi unaolipia upimaji wa kata nzima bila kuhakikisha katoni hizo ziko kituoni unamwambia mama mwanawe yuko kwenye nyekundu, kisha unamrudisha nyumbani mikono mitupu. Safari ijayo mama huyo haji, na jirani zake hawaji. Tunaomba Mganga Mkuu wa wilaya asisaini ratiba ya upimaji wowote mpaka aone hesabu ya chakula dawa kilichopo na kinachotarajiwa, pamoja na jina la kituo kitakachopokea rufaa.

Sasa tuje kwenye fedha ya halmashauri yenyewe. Mkataba wa lishe mliosaini unataka kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato ya ndani. Watu husema ni ndogo. Tuipige hesabu kwa kata ya mfano yenye vijiji 4 na watoto 1,200. Ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo, kwa hiyo vijiji 4 mara 4 ni siku 16, sawa na shilingi 75,000 kwa kila siku. Inatosha petroli ya pikipiki ya mtoa huduma, mayai, maharage na mboga za jiko darasa, chakula cha wahudumu wa jamii na karatasi. Haitoshi ubao wa urefu, wala mizani, wala mafunzo, wala usimamizi kutoka wilayani. Basi mgawanyo uko wazi: siku ya kijiji ilipwe na halmashauri, na ruzuku inunue vile ambavyo shilingi 1,000 haiwezi. Mradi ukiondoka, siku ya kijiji inabaki, kwa sababu haikuwa ya mradi.

Kinachotokea sasa mara nyingi ni kinyume. Mfadhili anapofika, analipia siku za kijiji pamoja na posho. Halmashauri ikiona shughuli imelipiwa, inaihamishia fedha yake kwingine, au inaitenga kwenye vitabu bila kuitoa. Mradi ukifungwa hakuna anayekumbuka kwamba fungu lile lilikuwepo. Tunaomba kila mkataba wa ruzuku uwe na kifungu kinachosema awamu inayofuata haitolewi mpaka kadi alama ya lishe ya robo iliyopita ionyeshe fedha ya halmashauri imetoka, siyo imetengwa tu.

Tunafahamu pia kwa nini haitoki. Mapato ya ndani ya halmashauri nyingi hapa yanategemea ushuru wa mazao, unaojaa baada ya mavuno, kuanzia Julai hadi Oktoba. Halmashauri zenye mbao na chai zina nafuu, maana zinakusanya mwaka mzima. Zinazotegemea mahindi na mpunga zinakauka kuanzia Januari hadi Mei, miezi ileile ya mvua, kazi nzito na magonjwa ya kuharisha. Dawa yake ni rahisi: fedha ya lishe ya mwaka mzima ihamishiwe kwenye akaunti za vituo kati ya Agosti na Oktoba, wakati ipo. Mweka Hazina akisubiri robo ya tatu ataikuta imelipa dharura nyingine.

Njia ya kupitishia ipo tayari. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, kamati ya usimamizi ya kituo inapitisha matumizi, na kitabu kinawekwa kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za vituo. Ruzuku ya hisani inaweza kupita bomba hilohilo, ikiwa na msimbo wake, ili mkaguzi aione. Udhaifu wake tunaujua. Zahanati nyingi hazina mhasibu, na mmoja wa kata anahudumia vituo kadhaa. Mganga mfawidhi anafunga chumba cha wagonjwa kwenda benki mjini. Wajumbe wa kamati hawakuonyeshwa jinsi ya kusoma taarifa ya benki. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuwa mstari kwenye bajeti ya ruzuku: mshahara wa mhasibu msaidizi mmoja kwa miaka mitatu, akifundisha kamati sita, una faida kuliko semina tano za hotelini Mafinga.

Kwa taasisi za hisani za nje tuna neno la kisheria, kwa sababu tumesikia mara nyingi kwamba halmashauri haiwezi kupewa fedha. Taasisi binafsi ya hisani ya Marekani inatakiwa kisheria kutoa kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali zake za uwekezaji. Ikitoa kwa asasi ya nje isiyotambuliwa na mamlaka ya kodi ya huko, inapaswa ama kuthibitisha kwamba asasi hiyo inalingana na taasisi ya umma ya hisani, ama kubeba wajibu wa kuifuata kila dola: uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, hesabu za fedha hiyo kutenganishwa, ripoti kila mwaka. Ndiyo maana kikundi kidogo cha Ludewa hakipati kitu mpaka kipite kwenye asasi mwavuli ya Dar es Salaam, na kila mkono unaopita unakata gharama zake. Lakini kanuni hizohizo zinaichukulia serikali ya nchi ya nje, pamoja na vyombo vyake, kama taasisi ya umma, mradi fedha itumike kwa makusudi ya hisani pekee. Mwanasheria wenu alithibitishe hilo kwa kila halmashauri. Huenda mkakuta kuipa halmashauri ya Makete moja kwa moja ni kazi nyepesi ya makaratasi kuliko kuipa asasi ya tatu kwenye mnyororo. Hatusemi asasi ziondoke. Zipo zinazofanya kazi ambayo serikali haiwezi kuifanya, hasa kuwafikia watu wanaoogopa kufika kituoni.

Kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Kabla hawajatimia, kila mradi unateua wake. Kitongoji kimoja kinakuwa na mhudumu wa VVU, wa lishe, wa kifua kikuu na wa uzazi wa mpango, kila mmoja na rejesta yake na kiwango chake cha posho, wote wakibisha hodi kwenye nyumba ileile. Kijiji jirani chenye mradi wa posho ndogo kinagoma. Tunaomba Mganga Mkuu wa Mkoa aweke kiwango kimoja kwa mkoa mzima, kwa kufuata mwongozo wa kitaifa, na mfadhili asiyekubali kiwango hicho ashauriwe kununua vifaa badala ya kulipa watu. Mkataba uonyeshe pia nani atamlipa mhudumu mwezi wa kwanza baada ya ruzuku kuisha, kwa jina la fungu na saini ya Mkurugenzi. Mwaka 2025 ulituonyesha kwamba mwisho unaweza kuja bila taarifa: tarehe 20 Januari Marekani ilitangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, halikuwa tena na kazi hiyo.

Pikipiki nazo zisisahaulike. Zinakuja na namba za DFP, za miradi ya wafadhili, zinabeba vifaa vizuri miaka miwili, kisha zinaegeshwa nyuma ya ofisi kwa sababu hakuna hati ya kuzihamishia halmashauri, na bila namba za SM, za serikali za mitaa, hazina fungu la petroli wala matengenezo. Udongo wa huku unakula cheni, spoketi na breki mapema. Hati ya kukabidhi isainiwe siku pikipiki inapokelewa, ikitaja tarehe ya makabidhiano, na seti mbili za cheni na matairi zinunuliwe pamoja nayo.

Maandalizi ya bajeti za halmashauri huanza mwongozo unapotoka, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, na mabaraza ya madiwani hupitisha kati ya Januari na Machi. Ruzuku inayotangazwa Aprili inakuta mlango umefungwa hadi Julai ya mwaka mwingine, au inapita pembeni kama ilivyozoeleka. Kwa hiyo tunaomba, kabla ya mwisho wa Oktoba, kila Mkurugenzi aite kikao kimoja cha wafadhili na asasi zote zilizo kwenye halmashauri yake. Kila mmoja aje na kiasi, kata, tarehe ya mwisho na vifaa atakavyoacha. Orodha hiyo iingizwe kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji inayohusika, kwa maandishi makubwa, ili mama aliyekuja kupimisha mtoto asome ni fedha ipi iliyoletwa kwa ajili yake na inaisha lini.

Tuko tayari kuja kwenye vikao hivyo kwa nauli zetu, pamoja na rejesta, hesabu za kata na ubao mmoja wa urefu wa kuonyeshea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi, maafisa lishe, wahasibu wa vituo na waandaaji wa miradi ya afya ya jamii
Nyanda za Juu Kusini

Nakala: Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Dodoma, Wizara ya Afya, Dodoma, Wenyeviti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani wote wa mikoa iliyotajwa.